Usimnyooshe Miguu Kabla Hujauliza Anaogeshwaje

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), wagonjwa wa mgongo na waliovunjika mtawazoea haraka. Chumba cha watoto wenye mtindio wa ubongo ndicho kitakachowachelewesha. Mimi kilinichelewesha karibu mwaka mzima.

Kuna mtoto nisiyemsahau. Alikuwa na miaka mitatu, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Mama yake alimbeba mgongoni kutoka Mbagala, daladala mbili, anafika ameloa jasho. Nilikuwa namlaza kwenye godoro na kuanza kunyoosha: nyonga, goti, kifundo. Nusu saa nzima yeye analia, mimi nahesabu. Mwezi wa pili akawa anaangua kilio akiniona tu mlangoni na sare yangu. Nikaandika kwenye faili, "hana ushirikiano". Mtoto wa miaka mitatu!

Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza mama anamwogeshaje. Akanionyesha: anamlaza chali juu ya mapaja yake, kichwa kinaning'inia nyuma, na hapo hapo mwili wote unakaza kama ubao. Kula nako vilevile, anamiminiwa uji akiwa chali, anapaliwa, na kila mwezi yuko hospitali kwa kifua. Kumbe nusu saa yangu ya wiki ilikuwa inashindana na siku saba za kukazwa nyumbani, na mimi sikuwahi kuuliza.

Tulibadilisha mambo mawili tu. Kuoga, akalishwe ndani ya beseni pana, nyonga zimekunjwa, mkono wa mama umeshika nyuma ya mabega ili kichwa kisirudi nyuma. Kula, akae wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, kijiko kitoke mbele yake, siyo juu. Kichwa kikirudi nyuma, mtoto huyu hukaza. Nyonga zikikunjwa na miguu ikitenganishwa, hulegea. Hilo mnalisoma chuoni. Mimi nililisoma pia, nikalipata kwenye mtihani, halafu nikalisahau mbele ya beseni.

Jeraha la ubongo linaloleta mtindio huu lenyewe halizidi, liwe limetokana na kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Kinachobadilika ni mwili: misuli inafupika, nyonga inahama polepole bila kelele. Kwa hiyo msidharau viungo. Ila dakika chache za kunyoosha kwa mkono huacha kidogo sana. Kinachojenga ni kile mtoto anachokifanya mwenyewe, kwa sababu anakitaka, mara nyingi. Mwenye udhaifu wa upande mmoja mvishe soksi kwenye mkono wenye nguvu kwa muda mfupi, mpe magunzi ya mahindi na kopo tupu, shindaneni kuyatumbukiza. Atalalamika kidogo, halafu atasahau kwamba anafanya mazoezi. (Magunzi ni makubwa, hayamezeki. Visoda na maharage waachieni wengine.)

Kabla ya kupanga lolote, jua mtoto yuko ngazi gani. Mfumo wa GMFCS wa kupanga uwezo wa mtoto wa kukaa na kutembea, uliotoka Kanada mwaka 1997, una ngazi tano: ya kwanza anatembea bila msaada, ya tano hata shingo kukaza ni shida. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo hatari ya nyonga kuhama inavyoongezeka. Kwenye ngazi ya tano huhama kwa karibu watoto tisa katika kumi. Omba picha ya nyonga mapema, hata kama mtoto halii. Nimewahi kusubiri mtoto alie ndipo niombe picha. Nyonga ilikuwa imeshatoka.

Mama atakuuliza, "Atatembea lini?" Wengi wetu hujibu "Mungu ni mwema" na kugeukia godoro. Mungu ni mwema, lakini mama ana haki ya jibu lako. Mtoto aliyeweza kukaa mwenyewe kabla ya miaka miwili ana nafasi nzuri ya kutembea. Aliyefika miaka minne hajakaa, hutembea mara chache sana. Ukishajua hivyo, sema taratibu, mkiwa mmekaa, na useme pia kinachowezekana: kukaa kwenye kiti na wenzake, kusimama akiegemea kitanda, kusogea mwenyewe kwa kitimwendo. Usitoe habari hiyo ukiwa umesimama mlangoni, umeshika faili la mwingine.

Kuhusu mazoezi ya nyumbani, nilikuwa natoa karatasi yenye michoro kumi. Mama mmoja mtu mzima, bibi wa mtoto hasa, alinirudishia ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya kanga. "Mwanangu, mimi nauza maandazi alfajiri. Nichagulie moja." Tangu hapo natoa moja, mara chache mawili, na nalibandika kwenye kazi iliyopo tayari: kuvaa, kuoga, kula. Na naliona likifanywa mbele yangu na yule anayeshinda na mtoto, ambaye mara nyingi ni dada wa kazi, siyo mama aliyemleta.

Kiti hakihitaji kuagizwa. Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza ukimpa vipimo. Nyonga, magoti na vifundo vikunjwe pembe mraba, nyayo zikanyage, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili. Weka kigingi kilichofungwa sponji katikati ya mapaja kama miguu inapishana. Rudi kupima baada ya miezi michache. Watoto hukua, viti havikui.

Kila siku kabla hujamgusa, uliza kuhusu degedege na kama dawa za kifafa zimebaki. Dawa zikiisha, mtoto aliyekuwa anakaa vizuri anaweza kurudi nyuma ndani ya wiki, nawe ukadhani mazoezi yamegoma.

Na asipotokea kliniki mara mbili, mpigie mama simu kabla hujaandika "ameacha". Yule wa Mbagala aliwahi kupotea wiki sita. Nilipompigia akasema makondakta wawili walikataa kumbeba na mtoto wake anayelia, na bajaji ni nauli ya siku tatu. Tukahamisha miadi yake iwe saa nne, daladala zikiwa tupu.