Ctags yanipeleka kwenye faili lisilokuwepo

SWALI: Shikamoo Fundi. Sipendi faharasa ya msimbo wa programu, ile inayotengenezwa na ctags, inirundikie uchafu kwenye mradi, kwa hiyo nimeificha ndani ya folda ya .git. Nikiwa kwenye mzizi wa mradi naandika `ctags -f .git/tags -R src`, na kihariri changu, Vim, nimekielekeza huko kwa `set tags=.git/tags`. Nikibonyeza Ctrl-] juu ya jina la funksheni ili nirukie ilipoandikwa, napewa kosa la E429: eti .git/src/hesabu.c halipo. Faili liko src/hesabu.c, naliona kwa macho yangu! Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba. Hebu usome tena huo ujumbe wa E429. Nani kabandika .git/ mbele ya src/hesabu.c? Vim. Fungua .git/tags uone: kila mstari una jina, halafu njia ya faili, halafu namna ya kulifikia jina humo ndani. Safu ya pili inasema src/hesabu.c tu, maana ctags, usipoiambia vingine, huandika njia kuanzia folda uliyokuwemo ulipotoa amri. Vim nayo ina mpangilio wa `tagrelative`, ambao huja umewashwa, na huhesabu njia hizo kuanzia folda ilimo faharasa. Faharasa ikikaa kwenye mzizi, folda hizo mbili ni moja na hakuna anayeshtuka. Wewe umeishusha ndani ya .git, zikaachana.

Dawa ni hii:

`ctags --tag-relative=yes -f .git/tags -R src`

Ukifungua faharasa sasa utakuta ../src/hesabu.c.

Wapo watakaokwambia uzime `tagrelative`. Achana nao: njia zitaanza kuhesabiwa kutoka folda yoyote Vim iliyomo wakati huo, na `:cd` moja tu inatosha kukupoteza. Njia kamili, zile zinazoanza na /, nazo sizipendi. Uhamishe mradi, au uufungue ndani ya kontena, faharasa nzima imekufa. Tena angalia: ukiipa ctags `$PWD/src` badala ya `src`, hiyo `yes` itaziacha njia kamili kama zilivyo. Universal Ctags, toleo la ctags linaloendelezwa sasa, ina `always` kwa ajili ya wabishi hao.

Na kama umeificha humo humo cscope.out, faharasa ya Cscope (zana nyingine ya kutafuta ndani ya msimbo), `--tag-relative` haiihusu. Cscope ina `-P`, unayoipa folda ya kutanguliza mbele ya njia zilizomo kwenye faharasa iliyokwisha kutengenezwa. Ipe mzizi wa mradi.