Ukitaka diploma ya ufundi, uliza kwanza utaenda kujifunzia kazi wapi

Matokeo ya S.6, kidato cha sita hapa Uganda, yakitoka tu, meseji zinaanza, wadogo zangu wa Busia na Tororo wananiuliza kaka nimepata prinsipo moja, yaani somo moja tu la kufaulu vizuri, yunivasiti sitoboi, sasa niende wapi. Nawajibu hivi: hiyo moja na sabsidiari mbili, zile pasi ndogo, zinakuingiza diploma ya ufundi, miaka miwili, na ukimaliza ukitaka digrii Kyambogo na Makerere wanachukua watu wa diploma. Hata aliyeanza na cheti baada ya S.4 anapanda mpaka huko.

Shida ni kwamba wote wanauliza chuo, Elgon ama Lira, hakuna anayeuliza indastrio treningi, yale mafunzo ya kazini nje ya chuo, ataifanyia wapi. Mimi nilisoma umeme, darasani tulichora fezi tatu mpaka tukaziota, ila siku fundi aliponipa testa akaniambia tafuta waya uliokufa, na wenye nyumba wamesimama pale wanangoja, ndio nikajua yale mahesabu yalikuwa ya kazi gani.

Kwa hiyo usingoje barua ya chuo ndio uanze kuzunguka, maana wakati huo darasa zima linakimbilia ofisi zilezile za Kampala. Nenda mapema, asubuhi, msalimie fundi mkuu umuulize mwanafunzi hapa anashika kazi gani. Kampuni kubwa inapendeza kwenye sivii lakini nyingine zitakukalisha na mafaili mpaka muda uishe, mimi ningechagua karakana ndogo yenye fundi anayependa kufundisha, bila kufikiria mara mbili. Na dada zangu, ulizeni pia saiti mtakuwa na nani na mnarudi saa ngapi, mtu akikwepa kujibu hilo ondoka, kuna karakana nyingine.

Logibuku, daftari la kuandika kazi zako za kila siku, ijaze kila jioni kabla hujalala. Usiandike "leo tulifanya wairingi", hiyo haimwambii mtu kitu, andika waya wa saizi gani, breka ya ampea ngapi, nini kiliharibika na mlikitengenezaje, halafu supavaiza asaini kila wiki kwa sababu akihamishwa saiti utamtafuta mpaka uchoke. Mwalimu akija kukukagua anasoma hiyo, na baadaye ukitaka kibali cha wairingi cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, utaulizwa vyeti na uzoefu.

Halafu pesa. Wazazi wanapanga karo vizuri sana wanasahau kwamba sehemu nyingi hazimlipi mwanafunzi hata nauli, kijana anaacha katikati na kumbe kazi alikuwa anaiweza, inaniuma kweli. Kaeni chini mapema mhesabu boda na chakula cha mchana, na kama kuna shangazi anaishi karibu na saiti ongeeni naye kabla muhula haujaanza.

Na wewe ambaye tayari unachomelea ama unatengeneza pikipiki bila karatasi yoyote, ulizia UVTAB, bodi ya mitihani ya ufundi iliyochukua kazi hiyo kutoka DIT, habari ya Worker's PAS, cheti cha ujuzi uliojifunza kazini, pale wanakupima kwa kazi ya mikono yako.