Mvua imenyesha, niende au niahirishe? Maswali yenu kuhusu uvuvi wa stilihedi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Oregon na Washington, ambao wameanza kulipia safari za kuvua stilihedi, yaani trauti anayekwenda kunenepa baharini na kurudi mtoni kutaga, kwenye mito midogo ya pwani. Kabla ya yote, neno moja la msamiati. Anayekupeleka mtoni, ambaye Kiingereza humwita "guide", sisi tunamwita mwongozaji. Msomaji mmoja ametuandikia kwamba "gaidi alitufuata hotelini saa kumi na moja alfajiri". Tumemwelewa, ila ujumbe huo asimtumie mama yake nyumbani.

Salaam. Nimeweka nafasi ya watu 2 kwenye mto Wilson katikati ya Februari na nimeshalipa amana. Mwenzangu kazini ananiambia mvua ikinyesha hela yangu imekwenda na maji. Huku mvua hainyamazi miezi minne. Mtu anachaguaje siku?
*Msomaji wa Beaverton, Oregon*

Mvua hiyo hiyo ndiyo inayowaleta samaki. Stilihedi wa majira ya baridi huingia mtoni kutoka baharini kuanzia Desemba hadi Aprili, na kinachowasukuma ni maji mapya. Kwa hiyo usiiogope siku ya mvua. Ogopa siku ambayo mto unapanda. Mto ukipanda hubeba tope, majani na vijiti, kila unaporusha ndoana inarudi na takataka, na samaki amejibanza kandoni wala haoni chambo. Mvua ikipungua mto hufika kilele, huanza kushuka, na rangi hutoka kwenye chai ya maziwa kwenda kwenye kijani. Kijani hicho ndicho unachokilipia. Ukiona mawe ya chini kwenye kina cha mita 1 hadi 1.5, na zaidi ya hapo ni kijani tupu, umefika wakati wake. Ukiweza kuyahesabu mawe kwenye kina cha mita 3, maji yamekuwa meupe mno: samaki anakuona, na itabidi mshipi mwembamba, chambo kidogo na kazi ifanyike alfajiri.

Sasa uzuri wa mito midogo ni kwamba haisafiki siku moja. Kilchis, Wilson na Trask yote inaingia kwenye ghuba ya Tillamook, lakini Kilchis bonde lake ni dogo, hivyo husafika wa kwanza. Wilson na Trask hufuata. Nestucca, kusini kidogo, huchukua muda zaidi. Nehalem, wenye bonde kubwa kuliko yote hiyo, unaweza kubaki tope siku nyingi wakati majirani zake wameshakuwa kijani. Ndiyo maana mwongozaji mzuri hakuuzii mto, anakuuzia siku, na mto anauchagua jioni ya kuamkia safari. Kama makubaliano yenu yanasema Wilson peke yake, mpigie simu leo umwombe ayalegeze.

Wewe mwenyewe fuatilia kwenye intaneti vipimo vya kina vya USGS, shirika la serikali ya Marekani linalopima mito. Vimeandikwa kwa futi, na futi 1 ni kama sentimita 30. Usiishie kwenye namba ya leo, tazama mchoro. Mstari uliosimama kama ngazi maana yake mto unapanda, piga simu. Ukiwa umeteremka mfululizo siku nzima, panga nguo ulale mapema. Angalia na baridi pia: maji yakishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi samaki huzubaa, na chambo lazima kimpitie puani ndipo ajisumbue.

Kuhusu amana, uliza kabla, na jibu liwe la maandishi hata kama ni ujumbe wa simu: nani anaamua kuahirisha, mwisho wa kuamua ni saa ngapi, na hela inarudi au inahamia tarehe nyingine? Desturi ya wengi ni kwamba mto ukiharibika mnapangiwa siku nyingine, lakini mteja akiahirisha kwa sababu hapendi kulowa, amana imekwenda. Na uhakikishe mwongozaji wako amesajiliwa na Oregon State Marine Board, bodi ya jimbo inayosimamia vyombo vya majini. Usajili huo unadai bima na mafunzo ya huduma ya kwanza, na kwenye maji ya baridi kiasi hiki hayo si mapambo.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimevua changu na chewa kwa mshipi wa mkono tangu utotoni. Mwezi uliopita boya langu lilizama mara 5, nikavuta kwa nguvu mara 5, sikupata hata samaki mmoja. Chambo kilikuwa shanga ya milimita 10. Nimekosea wapi?
*Msomaji wa Tacoma, Washington*

Huenda umekosea mahali patatu kwa pamoja, na la kwanza linatokana na ufundi wako wa nyumbani. Kwa mshipi wa mkono, uzi umenyooka kutoka kidoleni hadi kwenye ndoana, ukivuta samaki anasikia papo hapo. Kwa boya la mtoni, uzi umelala juu ya maji, na mkondo unauvuta katikati hadi unafanya tumbo. Ukivuta, nguvu yako yote inaishia kunyoosha lile tumbo. Samaki anasikia kitu kinasogea, anatema. Dawa yake ni kwamba kila baada ya kurusha, inua fimbo, nyanyua uzi kutoka majini, uulaze tena upande wa boya mto unakotokea. Rudia hivyo boya likiendelea kushuka. Likizama, zungusha rili haraka mpaka usikie uzito, *kisha* vuta fimbo kwa ubavu kuelekea mto unakoteremka. Samaki huwa ameelekeza kichwa mto unakotokea, kwa hiyo ukivuta kuelekea unakoteremka ndoana inaingia kwenye pembe ya mdomo. Ukivuta kuelekea unakotokea unaichomoa mbele yake.

La pili ni shanga yenyewe. Ile inaigiza yai moja la samaki linaloelea, na stilihedi anaibana shanga, si ndoana. Kwa hiyo umbali kati ya hivyo viwili una maana kubwa. Shanga ikigusa ndoana inaziba nafasi ya ncha kuingia. Ikikaa sentimita 10 juu yake, ndoana inamkwaruza samaki shavuni kwa nje, jambo baya kwake na halikusaidii wewe. Weka sentimita 4 hadi 5, uibane kwa kipande cha kijiti cha meno, ukivunje kisawasawa. Uzi wa mwisho uwe wa fluorokaboni (plastiki isiyoonekana kirahisi majini) wenye nguvu ya pauni 10, urefu wa sentimita 60 hadi 90, na ndoana namba 1 au 2. Kisha ujaribu ncha juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza badala ya kukwama, haifai. Kwenye mito ya mawe ncha hupinda kila inapogonga chini, na mtu anaweza kuvua asubuhi nzima na ndoana butu bila kujua. Sisi tungeanzia hapo.

La tatu, kina. Kichwa cha boya kikiinamia upande wa chini wa mto wakati wote, chambo kinaburuta mawe, punguza kina kidogo kidogo. Boya likisimama wima linaposafiri, chambo kiko sentimita 30 hadi 50 juu ya sakafu, pazuri. Halafu, kwa heshima, tunauliza: hizo mara 5, boya lilizama mahali palepale? Kama ndiyo, hilo lilikuwa jiwe.

Usisahau na kanuni za huko kwenu. Mito mingi ya Olympic Peninsula miaka ya karibuni imezuia kuvua ukiwa ndani ya boti. Boti inakusogeza, unashuka, unavua umesimama. Kanuni hubadilika hata katikati ya msimu, soma tangazo la wiki hiyo.

Mimi na mke wangu hatujawahi kushika fimbo ya kuvulia. Tukienda tutajiaibisha?
*Msomaji wa Portland*

Hapana. Mwambieni mwongozaji ukweli siku ya kuweka nafasi na mwombeni siku ya kuvuta samaki bandia. Boti za huko ni za makasia, zimepinda kama ndizi, na kwa kawaida hubeba wageni 2. Yeye anapiga makasia kuupinga mkondo ili boti iteremke polepole kuliko maji, huku samaki bandia wa plastiki wakitangulia mita 15 hadi 18 mbele ya boti, wakitikisika na kuingia kwenye kila kidimbwi. Fimbo ziko kwenye vishikio. Kazi yenu kubwa ni kutofanya kitu, na hapo ndipo wengi hushindwa. Ncha ya fimbo ikidonoka mara moja, mbili, mkono unawasha. Iache. Subirini fimbo ipinde mpaka chini na rili ianze kulia, ndipo mmoja ainyanyue. Atakayeinyakua kwenye mdono wa kwanza atakuwa amempokonya samaki chambo mdomoni.

Samaki akiruka, shusha ncha ya fimbo uelekee kwake. Akikimbia, mwache akimbie, breki ya rili ndiyo kazi yake. Usizungushe rili wakati uzi unatoka, utausokota bure.

Tulipata samaki wa kilo 4 hivi, mwongozaji akamtoa ndoana akamrudisha mtoni bila hata kutuuliza! Tulikuwa tumelipa. Hii ni haki?
*Msomaji wa Salem, Oregon*

Amewaepusha na faini. Tazama mgongo wa samaki, kati ya pezi kubwa na mkia: kuna pezi dogo laini lisilo na miiba, la nyama tu. Vifaranga wa vituo vya serikali vya kuzalisha samaki hukatwa pezi hilo kabla ya kuachiwa mtoni, na akirudi mkubwa pana kovu lililopona. Aliyekatwa unaweza kumchukua, kwa idadi ya kanuni, na unamwandika kwenye kadi yako ya kuorodhesha samaki *hapo hapo*, si ukifika kwenye gari. Mwenye pezi zima amezaliwa mtoni, na kwenye mito mingi ya pwani lazima arudi. Tofauti na samoni wa Pasifiki, ambao hufa baada ya kutaga, baadhi ya stilihedi hurudi baharini na kuja kutaga tena, kwa hiyo huyo wenu ana kazi bado.

Picha inawezekana. Mwacheni ndani ya wavu wa mpira, majini, kamera iwe tayari, lowesheni mikono, mmoja amshike shina la mkia na chini ya kifua, amnyanyue kwa sekunde chache huku maji yakimdondoka. Vidole visiingie kwenye mashavu anakopumulia. Washington kanuni ni kali zaidi: stilihedi wa asili haruhusiwi kutolewa majini kabisa.

Mimi niko Nyeri. Nasikia stilihedi ni trauti wetu wa mto Ragati. Kweli?
*Msomaji wa Nyeri, Kenya*

Kama unamsema yule mwenye utepe wa waridi ubavuni, kweli kabisa, jina lao la kisayansi ni moja, *Oncorhynchus mykiss*. Wenu waliletwa na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, na kituo cha Kiganjo huzalisha vifaranga vyao. Kinachowatenganisha ni bahari. Stilihedi hukaa mtoni mwaka 1 hadi 3, kisha huteremka Pasifiki akanenepe kwa muda kama huo, ndiyo maana hufika kilo 3 hadi 5, na wachache huvuka 9. Wa kwenu akiamua kuteremka, Ragati unamfikisha Sagana, Sagana unamfikisha Tana, na huko maji yana joto. Trauti akikuta nyuzi 25 hivi hapiti. Kwa hiyo amebaki mlimani, mdogo na mwerevu. Jinsi ya kusoma maji ni ileile, hata hivyo: mkingo wa jiwe, ukingo wa mkondo wa haraka na wa polepole, mkia wa kidimbwi.

Nije nimevaa nini, na naweza kumleta mwanangu wa miaka 9?
*Msomaji wa Vancouver, Washington*

Sufu au nguo za sintetiki ndani, koti la mvua lisilopitisha maji juu, kofia, glavu jozi 2 maana moja italowa. Pamba iache nyumbani, ikilowa inakunyonya joto. Suruali ya mpira ya kufika kifuani waongozaji wengi wanakuazima ukiwatajia namba ya kiatu mapema. Ukija na viatu vyako, visiwe na misumari kwenye soli, vinachana sakafu ya boti na vinateleza kwenye alumini.

Mtoto karibu. Oregon aliye chini ya miaka 12 hahitaji leseni, lakini jaketi la kuokolea lazima alivae muda wote boti inapotembea, na uulize kama wana saizi yake. Wewe nunua leseni ya siku moja kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu kwenye mabonde hayo simu haishiki mtandao. Bakshishi ya mwongozaji ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya safari, na hutolewa hata siku ambayo wavu haukulowa: makasia alipiga yeye. Ndizi, ukitaka kubeba, ziliwe kwenye gari. Wavuvi wa boti huko wanaamini zina mkosi, na wapo watakaozitupa mtoni mbele ya macho yako.