Kamusi ya simu au ya kitabu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Masasi, najifunza Kireno kwa ajili ya biashara ng'ambo ya Ruvuma. Nasoma magazeti ya Msumbiji kwenye simu, kila neno nalitafsiri humohumo. Mwenzangu anasema niachane na simu, ninunue kamusi ya kitabu. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Kitabu nunua ukipata hela, na simu usiitupe. Ukikutana na *fui*, kitabu kinaweza kukuacha njiani, maana vitenzi kwenye vidahizo vyake (maneno kinayoyaorodhesha) viko katika umbo ambalo halijabadilishwa kwa nafsi wala wakati: lazima ujue kwanza kwamba *fui* ni ya *ser* (kuwa), na ni ya *ir* (kwenda) vilevile. Kamusi nzuri ya simu hukupeleka kote kuwili. Kitabu nacho hukutandazia maana zote kwa mpigo, na hakiishiwi bando.

Ila hapo uliposema "nalitafsiri" ndipo nilipokunja uso. Ni kamusi hiyo, au ni ile programu unayobandika sentensi ikakutemea Kiswahili? Karibu kila mwanafunzi ninayempokea anavichanganya. Kamusi inakupa maana nne na kukuachia kazi ya kuchagua. Programu inachagua yenyewe, wala haikuambii imeacha nini. Tena kutoka Kireno kuja Kiswahili mara nyingi inapitia Kiingereza. *Vocês* ni "ninyi". Ikishapita kwenye *you*, isiyobagua mmoja na wengi, inaweza kukutokea "wewe". Deni la watu watano ukadhani ni lako peke yako! Na *chapa*, ambayo Maputo ni daladala, huenda ikakujia kama bati. (Chapa yetu ya nembo weka pembeni kabisa.)

Sasa kuna na hivi vijitabu vya fotokopi, "Kireno kwa siku 30". Nimefungua kimoja, makosa yake ni yaleyale ya programu, herufi kwa herufi. Aliyekiuza hajui hata kusalimia kwa Kireno.

Kwenye gazeti ukikosea, umekosa habari tu. Lakini watu wanasomea hivyohivyo mikataba ya korosho na vibandiko vya dawa za mikorosho. Kireno huandika desimali kwa mkato: 2,5 ni mbili na nusu. Anayeona ishirini na tano ataunguza shamba, na hapo kamusi ya simu wala ya kitabu haimwokoi. Karatasi ya namna hiyo ikikufikia, mtafute anayesoma Kireno, umlipe, akusomee yote kabla hujatia saini.