Mabaki ya programu uliyokwisha kuitoa kwenye Windows: kipi ufute, kipi uache

Mkuu wa Mafinga, umeuliza kama unaweza kufuta folda zote zilizobaki baada ya kutoa antivairasi na ile programu ya mauzo ya majaribio, maana diski C imejaa na mashine inajikokota. Unaweza, ila si zote, na si kwa mkupuo.

Nina steshenari hapa Mwanjelwa, mashine za watu zinapita mezani kwangu kila siku. Kinachowaponza wengi ni haraka: mtu anaona folda ina jina la programu aliyoitoa, anabonyeza Shift na Delete, kwisha. Mwenye duka la pembejeo kule Uyole alitaka nimsafishie hivyo hivyo. Programu yake ya mauzo alishaitoa, lakini folda yake bado ilikuwepo ndani ya C:\ProgramData (imefichwa, mpaka uwashe Hidden items), na humo kulikuwa na faili moja kubwa lenye tarehe ya juzi. Nikamuuliza, madeni ya mbolea uliyowakopesha watu wa viazi unayaandika wapi? "Si humo humo kwenye programu." Basi ndiyo yalikuwa kwenye lile faili! Programu nyingi zikitolewa huacha data zako makusudi, ili ukiirudisha ukute kazi yako. Kwa hiyo fungua folda kwanza, panga kwa tarehe, na faili lolote la karibuni usilolielewa linakili kwenye flashi.

Antivairasi usiitoe kwa kufuta folda kwa mkono. Zile zina draiva (programu ndogo zinazofanya kazi pamoja na mfumo wenyewe) zilizozama ndani ya Windows. Itoe kupitia Settings, Apps, kisha pakua kifaa cha kuondoa mabaki kutoka tovuti ya waliotengeneza antivairasi hiyo hiyo; kampuni nyingi wanacho na ni bure. Halafu chagua Restart, siyo Shut down. Kwenye Windows 10 na 11, Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida kunahifadhi hali ya mfumo na kuirudisha ukiwasha, kwa hiyo draiva ya zamani inaweza kuendelea kukaa kwenye memori.

Mabaki mengine tafuta Program Files, Program Files (x86), ProgramData, na AppData. Hiyo ya mwisho bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %localappdata%, kisha rudia kwa %appdata%. Mara nyingi uzito uko kwenye hiyo ya Local.

Ukiipata folda, usiifute. Ibadilishe jina, ongeza "_zamani" mwishoni, halafu piga kazi kama wiki hivi: chapa, fungua Excel, washa na uzime. Kisipolalamika kitu, peleka Recycle Bin. Folda ikigoma kubadilishwa jina, ujue kuna kitu bado kinaitumia. Angalia Task Manager, upande wa Startup pia.

Usiguse Common Files, folda za Microsoft, Packages iliyo ndani ya Local, wala C:\Windows\Installer. Hiyo Installer watu wanaiona nzito wanaifyeka, kesho yake programu hazikubali kutoka wala kupokea masasisho.

Rejistri, yaani hifadhi ambamo Windows na programu huandika mipangilio yao, achana nayo. Mabaki yake ni maandishi madogo tu, hayakupi nafasi yoyote ya maana, na hao wanaokuuzia programu za "kusafisha rejistri" hata Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi yake. Ukilazimika kugusa, Export kwanza, yaani hifadhi nakala yake.

Kwa nafasi, ukweli ni kwamba mabaki ya programu mbili huenda yasikusaidie sana. Ingia Settings, System, Storage, Temporary files. Ukikuta Previous Windows installation, hiyo peke yake huwa ni GB nyingi, ila ukiifuta hutaweza kurudi toleo la nyuma. Na kabla ya kubonyeza Remove, hakikisha Downloads haina tiki. Ukikwama kwenye antivairasi, taja jina lake na toleo la Windows.