Vitabu vya Bradman: alivyoviandika au vinavyomhusu?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga, na ndiye ninayetunza maktaba ya shule. Tumeletewa boksi la vitabu vya kriketi, vyote vya Kiingereza: vya wachezaji, vya ukocha na vya historia. Kwenye rafu nimebandika karatasi: 'Vitabu juu ya Kriketi, Wachezaji, Ukocha na Mirathi Yake'. Mwenzangu anasema 'juu ya' ni kosa, sharti iwe 'kuhusu'. Mwingine anasema 'vya' inatosha. Yupi yuko sahihi?"

Jibu: Mwalimu, "juu ya" si kosa. Wazee wetu wamezungumza juu ya ndoa, juu ya mashamba na juu ya madeni miaka yote, na Kiswahili chao hakikuwa na dosari. Shida ni mahali ulipoiandika. Mtoto wa Mufindi husikia kila siku kwamba mahindi yako juu ya dari. Akikuta "juu ya" imebandikwa kwenye rafu, jambo la kwanza kumjia ni mahali, si mada. Kwenye sentensi ndefu maneno ya jirani yangemsaidia, lakini kibandiko hakina jirani.

"Kuhusu" ni salama, ila tukumbuke kwamba asili yake ni kitenzi: jambo hili linanihusu, lile halikuhusu. Ndiyo maana mimi hupenda zaidi "vitabu vinavyohusu kriketi", kwa kuwa kitenzi kinapatana na vitabu vyenyewe.

Sasa tuje kwenye "vya", maana hapo ndipo penye kazi. "Vitabu vya kriketi" ni Kiswahili kizuri, kifupi, na hakimchanganyi mtu, kwa sababu kriketi haiwezi kuandika kitabu wala kukimiliki. Lakini ukiingiza watu, "vya" inabeba mizigo mitatu kwa mpigo. "Vitabu vya wachezaji" ni vile walivyonunua, vile walivyoandika, au vile vinavyosimulia maisha yao? Chukua mfano wa Don Bradman wa Australia, yule aliyemaliza mechi zake za kimataifa mwaka 1948 akiwa na wastani wa mikimbio, yaani alama za kriketi, 99.94. Bradman mwenyewe aliandika vitabu, kikiwemo cha mbinu za mchezo kilichotoka mwaka 1958. Watu wengine nao wameandika vingi vinavyomhusu. Mwanafunzi akikuomba "kitabu cha Bradman", utampa kipi?

Lugha yetu imekwisha kulitatua hili, na dawa yake tunaifundisha darasani kila mwaka. Shaaban Robert aliandika "Maisha Yangu", akijieleza mwenyewe: hiyo ni tawasifu. Akaandika pia "Wasifu wa Siti Binti Saad", akimweleza mtu mwingine: huo ni wasifu. Vyote viwili ni vitabu vya Shaaban, ila ni kimoja tu kinachomhusu Siti. Vigawe vitabu vyako hivyo hivyo. Mchezaji aliyejiandikia mwenyewe umweke kwenye Tawasifu za Wachezaji, na aliyeandikwa na mwingine umweke kwenye Wasifu. Kwa jinsi maneno haya mawili yanavyotajwa kwenye mtihani na kusahaulika siku ya pili, nitafurahi sana kuyaona yakifanya kazi kwenye rafu ya shule.

Mtego huo huo wa "-a", ile iliyomo katika "vya" na "cha", utakukuta kama ndani ya boksi mna Wisden, kile kitabu kinene cha takwimu za kriketi kinachotolewa Uingereza tangu mwaka 1864. Usikiite "kitabu cha mwaka", maana msomaji atadhani kimeshinda tuzo. Ni "kitabu cha kila mwaka".

"Ukocha" liache lilivyo. Wachezaji wetu humwita kocha "mwalimu", na ni heshima nzuri, lakini ukiandika "ualimu" hapo shuleni kwako watakuja kutafuta mambo ya chaki na ubao. Ukipata nafasi, tenganisha vitabu vya kufundishia, ambavyo ni vyako wewe unayewapanga watoto uwanjani, na vya kujifunzia, ambavyo ni vya mtoto anayetaka kujua peke yake namna ya kushika gongo.

Neno ninalokuomba ulibadilishe leo ni "mirathi". Mirathi na urithi vina asili moja katika Kiarabu, lakini kwetu vimeachana njia. Mtu wa Mafinga akisikia mirathi anawaza marehemu, msimamizi wa mirathi na mahakama ya mwanzo. Kriketi haijafa, wala hatugawani mashamba yake. Yale tuliyopokea kutoka kwa waliotangulia na bado tunayatunza ni urithi, na sisi nasi tunao. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilipochezwa Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilishiriki, na ndani yake walikuwamo wachezaji kutoka Tanzania. Walifungwa mechi zote tatu, lakini walikuwapo.

Kwa hiyo juu kabisa andika kwa herufi kubwa "Vitabu vya Kriketi". Chini yake, kila kipande cha rafu kipate karatasi yake: Tawasifu, Wasifu, Ukocha, na ile ya mwisho iandikwe "Urithi wa Kriketi". Kitabu chochote kitakachotaja timu ile ya 1975 kiweke hapo mwishoni, kikitazama mlango.