Namna ninavyowafundisha wanafunzi wa sekondari kuhusu kubeti

Mwalimu mwenzangu wa Sengerema, umeuliza uanzie wapi kuzungumza na wanafunzi wako kuhusu kubeti, kwa kuwa mahubiri na viboko havijasaidia. Mimi ninafundisha hisabati hapa Ilemela, Mwanza, na pia ni mlezi wa wanafunzi. Nakushauri uanze na hesabu, kwa sababu kijana anayebeti hajioni kuwa mcheza kamari, bali hujiona mjuzi wa mpira anayestahili kulipwa kwa ujuzi wake.

Mada ya uwezekano tayari imo katika hisabati ya kidato cha nne. Wanafunzi wangu hurusha sarafu ya shilingi 200 baada ya kila mmoja kuandika ubashiri wake, kisha tunatengeneza mkeka, yaani tiketi moja ya ubashiri inayolipa ukipatia mechi zote, wa mechi kumi, kila moja ikiwa na nafasi nusu kwa nusu. Nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024, kwa hiyo malipo ya haki kwa dau la shilingi 500 yangekuwa shilingi 512,000. Hata hivyo, kampuni ya kubeti haitoi odi (namba ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda) ya 2.00 kwa mechi ya namna hiyo. Tuseme inatoa 1.85: ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe hadi zitimie mechi kumi unapata takriban 470, yaani shilingi 235,000 hivi. Zaidi ya nusu ya haki ya mshindi imekwisha kukatwa kabla mpira haujaanza, na kila mechi anayoiongeza kwenye mkeka huongeza makato hayo. Waache wapige hesabu hiyo wenyewe ubaoni, kwani ukiwatajia jibu watadhani unawahubiria tena.

Atatokea mwanafunzi, hasa anayetoka familia za wavuvi wa mwaloni, akwambie kwamba hata uvuvi ni bahati. Hoja hiyo ina uzito na isipuuzwe. Baba yake hulala ziwani usiku wa giza akivua dagaa kwa taa, hupumzika kipindi cha mbalamwezi, na pengine hurudi mtupu. Mimi hujibu kwamba mvuvi anaweza kubadili nyavu, eneo au msimu akaongeza kipato, na ziwa halikupangwa na mtu ili limpunguzie fungu kila anapotia nanga, ilhali odi zimepangwa hivyo na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu dubwi, ile mashine ya kamari inayochezwa kwa sarafu, waeleze jinsi linavyomshika mtu. Sarafu inayoingizwa mle ni ile ile aliyopewa mtoto kwa nauli ya daladala. Ushindi mdogo huja bila mpangilio, na taa zinaposimama jirani na alama ya ushindi, mchezaji huamini amekaribia, ingawa mzunguko unaofuata haukumbuki uliopita. Mkeka uliochanwa na timu moja, yaani ulioharibika kwa mechi moja tu, humdanganya kijana kwa namna hiyo hiyo. Akishaanza kucheza ili arudishe alichopoteza, ndipo fedha ya mchango wa chakula cha shule inapoguswa, na uongo nyumbani unaanza.

Sheria yetu inakataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha. Ndiyo maana wengi hutumia laini ya kaka au ya mjomba, na kikao cha wazazi ni mahali pazuri pa kuwaomba wakague miamala ya simu zao. Waambie pia kwamba Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, ili mtoto aliyenaswa asiitwe mwizi mbele ya gwaride. Mwanafunzi anayekopa kwa wenzake, asiyelala kwa kusubiri matokeo, au aliyejaribu kuacha akashindwa, usimpeleke kwa mwalimu wa nidhamu. Kaa naye faraghani, mhusishe mzazi mmoja anayemwamini, mpange namna ya kulipa madeni kidogo kidogo bila mtoto kushika fedha mwenyewe, na hali ikizidi waelekeze hospitali ya Bugando, ambako huduma ya afya ya akili ipo.